Rufaa ya Mtu Aliyesema Hajambo

Wanangu, mkinikuta sokoni Masasi msiniulize hali yangu kama hamna nafasi ya kusikiliza jibu. Nitawaeleza goti la kulia linavyoniuma, kisha nitahamia la kushoto, na mboga zenu zitanyauka mikononi mkiwa bado mmesimama. Binti yangu Asha anaona aibu kutembea na mimi. "Mama, salamu ni salamu tu," ananiambia. Namjibu kwamba mimi nimeona kwa macho yangu salamu ikimnyima mtu haki yake, na mshtuko ule haujanitoka hadi leo.

Kwa wale wasionifahamu, nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi. Nilizunguka Masasi na Newala, mara nyingine hadi Tandahimba, mpaka nilipostaafu. Ninyi mnaoanza kazi hii mnadhani ni migomo na kupaza sauti kwenye vipaza sauti. Sehemu kubwa ni kukaa na uamuzi uliokwisha kutolewa. Mtu ameumia kazini, ameomba fidia, amejibiwa kwamba hastahili. Hapo ndipo anakumbuka kuwa kuna Mama Asha, na Mama Asha anaanza kuandaa rufaa.

Aliyenifundisha ni Mzee Mnimbo, aliyeishika kazi hii kabla yangu. Alikuwa mtu wa kikohozi na kahawa, hana haraka hata nyumba ikiungua. Rufaa yangu ya kwanza niliiandika kwa hasira, nikajaza uonevu, unyanyasaji na machozi ya wanyonge. Aliisoma yote, akaikunja, akaniuliza kama nimemaliza kulia. Kisha akaniambia, "Usigombane na uamuzi mzima. Usome mpaka uipate ile sentensi iliyokuua. Ukiipata, jibu hiyo." Jingine alilonifundisha ni hili: kabla hujaandika neno, nenda kwa huyo mtu wakati wa chakula, umtazame anavyokula. Hilo la pili nililiona la kizee. Nilidhani ni ujanja wake wa kupata ugali wa bure.

Siku hizi mnapiga picha kila kitu kwa simu na kutuma kabla hata chai haijapoa. Sawa. Sisi tulipanga foleni kwa mpiga chapa, tukimsomea herufi kwa herufi naye anatafuna kashata. Lakini makosa hayakubadilika. Kulikuwa na fundi seremala mmoja wa upande wa Chidya, msumeno ulimla vidole. Akanyimwa fidia, akaamua kuandika rufaa mwenyewe bila kuniona. Mwalimu wake alikuwa amemfundisha barua vizuri mno. Akaanza kwa salamu nyingi kama mvua, halafu akaandika, "Mimi mzima wa afya njema, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali nami." Habari ya vidole ilikuja chini kabisa, karibu na wabillahi taufiq. Akajibiwa kwa adabu kwamba ofisi imefurahi kusikia ni mzima. Tulicheka mpaka mbavu zikauma, na yeye mwenyewe akicheka, anafuta machozi kwa kiganja kisicho na vidole. Baadaye tulimwandikia nyingine akapata haki yake. Nilifikiri kichekesho kile kimeishia pale.

Sasa niwaambie habari ya Baba Stumai.

Alikuwa kuli kwenye ghala moja la korosho Newala, jina lake silitaji. Mtu mrefu, mpole, sauti yake ndogo kuliko kifua chake. Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, magunia yamepangwa mpaka karibu na bati, na lundo moja likaporomoka. Wenzake waliruka. Yeye alikuwa chini yake, gunia likampiga bega la kulia. Alipelekwa hospitali, akatibiwa, akarudi nyumbani. Bega lililetwa pamoja naye lakini kazi halikuiweza tena. Na kuli asiye na bega hana cha kumpeleka ghalani. Ana mke, ana watoto, shamba la mikorosho la kurithi ni dogo na mikorosho yenyewe ni mizee.

Maombi yake ya fidia yalifanywa vizuri, sikuwa na wasiwasi. Kwa hiyo uamuzi ulipokuja nilisoma nikiwa nimesimama, nikakaa, nikasoma tena. Hapakuwa na ulemavu, ulisema. Niliitafuta ile sentensi ya Mzee Mnimbo na haikunisumbua kuipata. Ilisema kuwa mwombaji mwenyewe amemweleza daktari kwamba hali yake ni nzuri, na msimamizi wake wa kazi amethibitisha.

Nilipigwa na butwaa. Nilipanda basi la Newala asubuhi ile ile, na njia nzima hadi tunapanda mlima kuingia uwandani nilikuwa nagombana peke yangu, jirani yangu wa kiti akajisogeza dirishani.

Nilimkuta amekaa kwenye mkeka nje ya nyumba yake, anatazama kuku. Tukasalimiana. Sikumpa hata nafasi ya kuniletea maji.

"Baba Stumai, ulimwambia daktari hali yako nzuri?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba mimi ndiye niliyepigwa na gunia. "Alinisalimia, Mama Asha. Kaniambia, shikamoo baba, hali yako? Ulitaka nimjibu nini?"

"Na alipokwambia uinue mkono?"

"Nikainua. Mgeni kakuomba kitu, utamkatalia?"

Nilishika kichwa. Nikaenda ghalani kumtafuta huyo msimamizi, Bakari, mnyapara wa makuli. Bakari ni pande la mtu, shingo yake imeingia mabegani kwa kubeba. Nilimkuta anakunywa uji, nikammwagia maneno yote niliyokuja nayo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaonekana kuumia kweli.

"Lakini Mama Asha, mie nilimpamba! Watu wametoka mbali kuja kumuulizia mwenzetu. Niseme hawezi tena? Nimwaibishe? Niliwaambia hapa Newala nzima hakuna anayebeba kama Baba Stumai, hata leo mkimpa gunia analibeba."

"Uliwaambia hata leo?"

"Nilitia chumvi kidogo," akasema, "kwa heshima yake."

Mnaniona nacheka sasa, lakini pale nilitaka kulia. Uamuzi ule haukuwa na mtu mbaya ndani yake. Daktari alisalimia vizuri, mgonjwa akajibu vizuri, mnyapara akasifu vizuri, na wote watatu kwa pamoja wakamzika mtu.

Nikakumbuka somo la pili la Mzee Mnimbo. Nilirudi nyumbani kwa Baba Stumai wakati wa chakula cha mchana, nikajifanya nimesahau mwavuli. Mkewe, Mama Stumai, mwanamke mwembamba mwenye mdomo mwepesi, alitenga ugali na kisamvu. Nikakaribishwa. Baba Stumai akasema yeye ameshiba. Mtu ambaye asubuhi hakuwa na hata chai, ameshiba! Nikala peke yangu, nikanawa, nikaaga. Nikiwa nazunguka ua kwenda njiani nilimwona nyuma ya jiko, amechuchumaa ameelekea ukutani, anakula kwa mkono wa kushoto.

Wengine wenu hamtashtuka. Mimi nilisimama pale kama niliyemwona mtu akioga. Baba Stumai ni mtu wa msikitini, na mkono wa kushoto kwake una kazi zake, wala si hiyo. Ndiyo maana hakula na wageni tena. Ndiyo maana alikuwa haendi hata kwenye shughuli za majirani, watu wakimwona anaringa. Niliondoka kimya kimya asijue nimemwona.

Rufaa niliiandika fupi. Nilijibu sentensi moja, nikaomba apimwe upya. Ombi likakubaliwa. Jopo la madaktari likapangiwa kukaa Masasi, kwenye ukumbi wa kuazima.

Wiki zilizotangulia zilikuwa za mazoezi. Nilikuwa namkalisha kwenye mkeka, najifanya daktari, nabana pua.

"Hali yako, baba?"

"Nzuri, namshukuru..."

"Aka! Tena. Hali yako?"

"Nzuri kidogo."

"Bega linauma?"

"Linauma kiasi, lakini tutafanyaje."

Mama Stumai alikuwa anachambua mchele pembeni, akicheka mpaka mchele unaruka. Siku moja nilimtania, maana alikuwa amejifunga kanga moja tu, na ilikuwa kanga mpya. "Doti inakuja na mbili, mwenzangu. Nyingine umemgawia nani?" Akaacha kucheka, akasema imefuliwa. Sikulitilia maanani. Wake wa makuli wa Newala niliwazoea hivyo, wanakuja mkutanoni na kanga moja moja, nikadhani ni fasheni ya kwao au ni maisha magumu.

Mwishowe Baba Stumai alichoka na mazoezi. Akaniambia kwa ile sauti yake ndogo, "Mama Asha, mimi nimepita jandoni. Kule tulifundishwa kunyamaza, na aliyelia hadi leo anachekwa na wajukuu. Leo nikamwambie binti wa watu kwamba naumwa?"

"Huyo si binti wa watu, ni daktari."

"Kwani daktari hana baba?"

Nilimwomba tu siku ya jopo aseme kweli mara moja, moja tu, halafu arudi kuwa mwanaume maisha yake yote yaliyobaki. Akanikubalia. Aliniahidi mbele ya mkewe.

Siku ya jopo kulikuwa na joto la Masasi mnalolijua, mlango ukaachwa wazi. Mama Stumai alikaa kwenye benchi la nje, mkoba mapajani. Mimi niliruhusiwa kuingia lakini nikaambiwa nisiseme mpaka niulizwe. Madaktari walikuwa watatu, na aliyekuwa na kazi ya kumpima alikuwa binti mdogo, mpole, amefunga nywele zake vizuri. Alipomwona Baba Stumai anaingia akasimama, akapiga goti kidogo kama tulivyowafundisha watoto wetu wote.

"Shikamoo baba."

Nilijua tumekwisha.

"Marahaba mwanangu," akasema Baba Stumai, na nikamwona anarefuka. Alikuwa ameshakuwa baba yake.

"Hali yako, baba?"

"Nzuri sana mwanangu, tunamshukuru Mungu. Sijui nyie, mmesafiri salama?"

Nilimkanyaga mguu kwa siri. Hakuusogeza.

"Tumesafiri salama, asante. Bega linakusumbua, baba?"

"Kidogo tu. Ya dunia."

Yule binti akaandika. Nikamwona anavyoandika na nikatamani kumnyang'anya kalamu. Kisha akamwomba ainue mkono, taratibu, mpaka pale atakapoweza. Na Baba Stumai, huyu niliyemwona amechuchumaa nyuma ya jiko, akaunyanyua mkono wa kulia. Ukapita kiuno, ukapita kifua, ukapita bega, ukaenda juu ya kichwa ukasimama wima. Alikuwa anatabasamu.

Wanangu, nilikasirika. Nasema kweli, nilimchukia dakika ile. Nilifikiri ameniongopea miezi yote, au ameamua kutuangamiza sote kwa ajili ya kumfurahisha binti asiyemjua. Mwenyekiti wa jopo, mzee wa miwani, akafunika kalamu yake.

"Vizuri sana," akasema. "Asante baba, teremsha mkono."

Hakuuteremsha.

"Unaweza kuushusha, baba."

Akaendelea kusimama, mkono juu, na tabasamu lile lile. Nikaona jasho linamtoka pembeni mwa macho na kushuka shingoni hadi kola ya shati ikalowa. Midomo ilikuwa imepoteza rangi. Hakuna aliyeelewa. Mwenyekiti alifikiri hajasikia, akapaza sauti. Mimi nilifikiri anafanya ubishi.

Aliyeelewa ni mtu wa benchini. Nilisikia mkoba unaanguka. Mama Stumai akaingia bila hodi, akawapita madaktari wote, akaenda nyuma ya mumewe, akaushika ule mkono kwa mikono yake miwili kama mtu anayempokea mtoto aliyelala mgongoni. "Tulia, Baba Stumai," akamwambia. "Kaa chini. Ninao." Na akiwa bado ameushikilia mkono, kwa kidole kimoja akaanza kufungua kanga yake ya begani ili amfungie.

Binti yule aliruka kutoka mezani. Alimgusa bega mara moja tu, akawageukia wenzake. "Limechomoka, ndiyo maana limekwama juu," akasema.

Wakamlaza juu ya meza ile ile yenye majalada. Walilirudisha bega wote watatu wakisaidiana, na hapo ndipo Baba Stumai alipotoa sauti. Haikuwa kubwa. Alisema "mama" mara moja, basi. Mimi nilitazama ukuta.

Ilipokwisha, binti alimfungia mkono kwa ile kanga, maana ndicho kitambaa kilichokuwepo, na ndipo nikajua ile kanga ya pili ya doti, niliyoambiwa imefuliwa, ilikuwa inafunga nini siku zote. Akamuuliza Mama Stumai polepole, "Mama, hii ni mara ya kwanza?"

Mama Stumai akamtazama mumewe. Mumewe alifumba macho.

"Mara ya kwanza kuonwa na watu," akasema. "Nyumbani huwa nalirudisha mwenyewe. Namlaza, navuta, huku tunazungumza habari za shamba asiwaze. Kanikataza kusema."

Yule binti akageuka akajishughulisha na mkoba wake kwa muda mrefu. Mwenyekiti alivua miwani. Na mimi, Mama Asha, niliyekula ugali kwenye nyumba ile sijui mara ngapi, nilikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Mwanamke yule alikuwa akicheka mazoezi yetu huku anajua yote hayo.

Rufaa ilikubaliwa. Baba Stumai alipelekwa hospitali kubwa, bega likapasuliwa na kutengenezwa, na fidia yake ikaanza kuja. Mngedhani habari imeishia hapo, na mimi nilidhani hivyo. Nilikwenda Newala kuwaaga tu, kwani nilikuwa karibu kustaafu. Baba Stumai, mkono bado umefungwa, akaniomba nimsindikize ghalani. Tangu siku ya jopo hakuwa amekanyaga huko. Alikuwa anaona haya.

Makuli walikuwa wamekaa juu ya magunia matupu wanangoja lori. Bakari alikuwa katikati, anawachekesha.

"Hamjambo wanangu? Hali zenu?" nikawasalimia.

"Nzuri!" wakajibu kwa pamoja, na bati likaitika. Nilikuwa nikiisikia "nzuri" ile kila nilipopita pale, na kila mara ilinifurahisha.

Baba Stumai akasogea mbele yangu. Kwa ile sauti yake ndogo, iliyofanya wote wanyamaze ili waisikie, akasema, "Mama Asha hajaja kusalimia. Anauliza nani anaumwa."

Mmoja akacheka. Wengine wakatazama chini. Bakari akainuka, akasema jamani lori linakuja, tuache masihara. Lakini hakuondoka. Alisimama mbele ya Baba Stumai, akautazama ule mkono uliofungwa kanga. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati lake, kimoja kimoja.

Chini ya shati, kuzunguka tumbo, alikuwa amejifunga kanga ya mkewe, imekazwa mpaka nyama imejikunja juu na chini yake. Akaipachua kidogo kwa dole gumba ili nione. Ngiri, kubwa kama ngumi.

"Na mie, Mama Asha," akasema.

Nyuma yake mwingine akainua fulana. Alikuwa na kanga kiunoni. Wa pembeni akapandisha suruali, goti lake limezungushiwa kanga ya rangi ya njano, mpya kabisa. Kisha wa nne. Kisha wale waliokaa ukutani, ambao sikuwahi kuwasikia wakizungumza, wakasimama. Walikuwa wanafungua nguo tu, na kila nguo iliyofunguka ilikuwa na kanga ndani yake.

Nilikaa juu ya gunia. Nje lori lilifika, likapiga honi, likapiga tena, na hakuna aliyekwenda kulipakua.